Maswali ya Wasomaji: Kapi, Mbawa na Guni ya Makusudi

Toleo lililopita tulichapa makala fupi juu ya ushairi wa ibada wa Kiingereza wa karne ya 17, ule wa kina John Donne na George Herbert. Barua zilizofuata zimetoka zaidi Amu na Malindi, na nyingi ni za watu wanaotunga au kutafsiri wenyewe, kwa hivyo maswali yamekuwa ya kiufundi kuliko tulivyotarajia. Majina ya waulizaji tumeyaacha, kama walivyoomba.

SWALI: Nasomesha sekondari hapa Malindi. Wanafunzi waniuliza kwa nini washairi hawa huitwa wa kimetafizikia, nami sina jibu la kuwaridhisha. Tena nikitaka kuanza nao kwa shairi moja tu, nichukue lipi?

JIBU: Mwalimu, jina hilo si lao. Mwaka 1693 mshairi John Dryden alimlaumu Donne kwamba apenda mno metafizikia, yaani falsafa ya asili ya vitu, hata katika mashairi ya mapenzi anawachosha wanawake kwa falsafa pale alipopaswa kuwabembeleza. Mwaka 1779 Samuel Johnson, akiandika maisha ya Abraham Cowley, akalifanya kuwa jina la kundi zima, naye pia alikuwa akilaumu: alisema wanavifunga nira moja, kwa nguvu, vitu visivyohusiana. Heshima yao ilirudi hasa mwaka 1921, Herbert Grierson alipochapa mkusanyo wa mashairi yao na T. S. Eliot akauandikia tahakiki. Kwa hiyo darasani sema tu "washairi wa ibada wa karne ya 17", utakuwa umesema kweli zaidi. Wa kukumbuka ni Donne (1572–1631), Herbert (1593–1633), Richard Crashaw aliyefia Loreto, Italia, mwaka 1649, Henry Vaughan aliyekuwa tabibu huko Wales (1621–1695), na Thomas Traherne aliyefariki 1674. Hawakuwa chama wala hawakukaa baraza moja, ingawa Vaughan alikiri wazi deni lake kwa Herbert.

Anza na "Love" ya Herbert, ile ya tatu kati ya tatu alizozipa jina hilo. Ina beti tatu za mishororo sita. Upendo ni mwenye nyumba; nafsi ni mgeni aliyefika na vumbi na dhambi, anasitasita mlangoni. Mwenyeji anamsogelea na kumuuliza kama kuna alichokosa. Mgeni anajibu kwamba kilichokosekana ni mgeni anayestahili kuwa hapa. Wanabishana kwa adabu hivyo hivyo mpaka mwenyeji anasema keti ule, na mgeni anaketi, anakula. Mwanafunzi wa Malindi hana haja ya kuelezwa mambo haya. Ameshawaona wageni wanaosema "tumeshakula" huku macho yako kwenye sinia.

Wakianza kutafsiri, watajikwaa kwenye upatanisho. "Upendo ulinikaribisha" ni sahihi kisarufi, lakini shairi linakufa, maana upendo ulio hali ya moyo tu hauwezi kumshika mgeni mkono na kutabasamu, na Upendo wa Herbert unafanya yote mawili. Andika "Upendo alinikaribisha" kuanzia mshororo wa kwanza na usibadilishe katikati. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuanza na a- na kurudi kwenye u- ubeti wa pili, kwa sababu mkono umezoea.

SWALI: Mimi ni mtungaji, nakaa Langoni. Nimeisoma "Denial" ya Herbert kwa kuhesabu kama nihesabuvyo utendi, na haikai. Beti ni sita, na mshororo wa mwisho wa beti tano za kwanza hauna kina na mwenzake yeyote. Kwetu hiyo ni guni, yaani shairi lililokosa kina au mizani, na guni haisomwi mbele za watu. Vipi huyu akasifiwa? Na hizo "mbawa" zake, je, si mchezo wa kuchora tu?

JIBU: Ndugu, umehesabu sawasawa. Ni guni, na ni ya makusudi.

Tazama ubeti wa kwanza. Anasema dua zake hazikupenya masikio yaliyonyamaza, moyo ukavunjika, na ubeti wake nao ukavunjika. Mishororo minne ya mwanzo inapatana vina kwa kupishana. Wa tano ni mfupi, unaishia "disorder", yaani mvurugiko, na neno hilo limeachwa peke yake bila mwenzake. Beti nne zinazofuata ni vivyo hivyo: kila ubeti unafika mwisho kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Ubeti wa sita ni dua. Anaomba moyo wake uwekwe sawa kama ala ya muziki, bila kukawia, ili neema ya Mungu na nafsi yake vilie pamoja, "And mend my rhyme", yaani ukitengeneze kina changu. Na hapo hapo "rhyme" inapata wenzake, "time" na "chime". Dua imejibiwa ndani ya mshororo ulioiomba.

Kwa hiyo ukiitafsiri, mkono wako wa kitungaji utataka kuzisahihisha beti tano za mwanzo. Uzuie. Ukizisahihisha, ubeti wa sita hautakuwa na cha kutengeneza. Lakini kuna hatari nyingine, nayo ni ya Kiswahili chetu: maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Mshororo unaodhani umeuacha bila kina utasikika kama una nusu ya kina. Ikiwa mishororo ya juu inaishia -ma na -ri, mshororo wa tano usiishie a wala i. Upeleke kwenye o au u, na silabi yake iwe nzito, kama -ngo au -nzu, ili sikio lijue kwamba limenyimwa kitu.

Tukiwa hapo hapo, usihesabu mizani ya Kiingereza kwa macho. Hesabu kwa mdomo. "Heaven" kwa washairi hawa mara nyingi ni mizani moja, "power" vilevile, na "prayer" pia. Kinyume chake, -ed ya mwishoni mara nyingine hutamkwa kamili na kuongeza mizani. Na mizani peke yake hazitoshi: mshororo wao wa mizani 10 una mapigo matano, dhaifu kisha zito, dhaifu kisha zito. Sikio la utendi husikia idadi tu, ndiyo maana mshororo ulio sawa kabisa kwao unaweza kukuonea kama unachechemea.

Sasa mbawa. "Easter Wings" ni beti mbili, na kila ubeti una mishororo 10 yenye mizani 10, 8, 6, 4, 2, kisha 2, 4, 6, 8, 10. Katika chapa ya 1633 beti hizo zilipigwa kwa kulazwa ubavu, ukikishika kitabu kawaida unaona ndege wawili, na kusoma mpaka ukigeuze. Si mchoro mtupu. Mwanadamu anapopoteza utajiri aliopewa, mshororo unakonda pamoja naye mpaka "Most poore", mizani mbili, masikini kabisa. Anapoomba kuinuliwa, mshororo unanenepa tena. Herufi zinafanya kile maneno yanachosema. Tumejaribu ubeti mmoja kwa mizani zile zile, usomwe kama zoezi wala si kama tafsiri ya kujivunia:

Mola wetu ulotupa mali
tukapoteza asili
tukawa dhalili
bila hali
chali
Nawe
niinuwe
nipae ja mwewe
sifa zako nizitowe
kuanguka kwangu mbawa kuwe

Hesabu utaona zinatimia. Lakini tazama kina kilivyotufanyia. Ndege wa Herbert ni kipozamataza, aimbaye akipaa. Sisi tulihitaji kina cha -we, kina kikamleta mwewe, na mwewe haimbi, huiba vifaranga. Mtu wa Amu akisikia mwewe anapaa, anafikiria kuku wake. Kuna njia mbili za kujinasua: badilisha "Nawe" upate kina kingine, au umwache ndege kabisa na kutumia tiara, ambayo kupaa kwake kunategemea uzi ulioshikwa na mwingine. Tunaipenda ya pili, ila mizani zake bado zinatusumbua. Na ukiliweka shairi kama hili kwenye simu, lipange katikati na kwa herufi ndogo. Skrini nyembamba hukata mshororo wa 10, na mbawa zinageuka kuwa chane ya ndizi.

Mchezo mwingine utakaoupenda ni "Paradise". Ni beti tano za mishororo mitatu, na kila kina kinapogolewa herufi moja ya mbele kama tawi: GROW, ROW, OW. Shairi linazungumzia mkulima anayepogoa mti ili uzae zaidi. Kiingereza kilimlazimu Herbert apinde tahajia ("OW" na "FREND"), kwa kuwa alikuwa akikata herufi na matamshi hayakumfuata. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo sisi tuna nafasi nzuri kuliko yeye: mwanga, wanga, anga. Mwamba, wamba, amba. Na iliyotufurahisha kuliko zote: mwana, wana, ana. Mizani hazipungui hata moja. Tutumie ubeti wako ukiukamilisha.

SWALI: Niko Matondoni, kazi ya vyombo nimeirithi. Mwanangu anasoma shairi la Herbert liitwalo "The Pulley". Kamusi yasema ni kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Nimesomewa shairi lote kwa tafsiri na sikuona kapi wala kamba ndani yake. Tena yeye asema kuna mchezo wa neno "rest" usioweza kuja kwa Kiswahili.

JIBU: Kamusi iko sawa, na wewe pia uko sawa. Neno hilo liko kwenye kichwa cha shairi tu. Ndani halitajwi hata mara moja. Herbert amekuachia wewe ulifunge.

Habari yenyewe ni hii. Mungu alipomuumba mtu alikuwa na bilauri ya baraka pembeni (bilauri, si kioo, kama baadhi ya tafsiri zinavyosema). Akaamua kummiminia zote, utajiri wote wa dunia uliotawanyika ukusanyike katika shubiri moja. Ikatangulia nguvu, ukafuata uzuri, kisha hekima, heshima na raha. Bilauri ilipokaribia kuisha Mungu akasita, akaona kwamba kilichobaki chini ni kimoja, "rest". Akakizuia. Akisema: nikimpa na hiki, atazipenda zawadi zangu aniache mimi, akae katika maumbile asikae kwa Mungu wa maumbile. Basi avichukue vyote vingine, ila awe navyo bila kutulia, ili wema usipomvuta, uchovu umrushe kifuani pangu.

Hapo ndipo lilipo kapi lako. Kwenye chombo unavuta kamba kuelekea chini na tanga linapanda juu. Nguvu inashuka, mzigo unapaa, na katikati hakuna kitu ila gurudumu dogo lililogeuza mwelekeo. Uchovu unamvuta mtu chini, na kwa kuvutwa chini ndiyo anapanda. Ukimweleza msomaji haya ndani ya tafsiri umemharibia. Kichwa kiwe "Kapi", basi. Watu wa Matondoni wataelewa kabla ya maprofesa.

Mchezo wa "rest" ni kweli: kwa Kiingereza neno hilo ni mapumziko na pia ni vilivyosalia, na Herbert anatumia maana zote mbili katika ubeti mmoja. Watafsiri wengi hukimbilia "raha". Hilo ni kosa kwa sababu ya hesabu ya bilauri: raha imeshamiminwa, ndiyo "pleasure" ya ubeti wa pili. Ukiitia tena chini ya bilauri, Mungu atakuwa amenyima kitu alichokwisha kutoa. "Starehe" inaangukia shimo lilo hilo. "Pumziko" haina kosa, ila haina maisha.

Sisi tunapendekeza "kituo". Mtu asiyetulia twasema hana kituo. Mahali pa kushukia mzigo ni kituo. Na kila mtungaji anajua kwamba mshororo wa kumalizia ubeti huitwa kituo. Maana ya "vilivyosalia" utaipoteza, hilo tukubali, lakini unapata nyingine ambayo Herbert hakuwa nayo: Mungu ameuandika ubeti wa mwanadamu akauacha bila kituo. "Vilivyobaki na avichukue, ila kituo asiwe nacho." Mwambie mwanao ajaribu hivyo. Umbo lake ni beti nne za mishororo mitano, wa kwanza na wa mwisho mizani 6, mitatu ya kati mizani 10, vina vya kupishana. Kwa Kiswahili 6 ni chache mno kwa mshororo wa kwanza. Mpe 8 na 12, uwiano utakaribia ule ule.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Barani, Malindi. Kitabu cha shule chasema "Batter my heart" ya Donne ni soneti ya 14, kwenye simu naiona ni ya 10. Na "Death be not proud" kitabu chasema ya 10, simu yasema ya 6. Kipi ni sahihi?

JIBU: Vyote viwili. Donne alifariki 1631 bila kuzichapa soneti zake za ibada, yaani mashairi ya mishororo 14. Chapa ya 1633 ilitoa soneti 12, ya 1635 ikaongeza nne, na tatu nyingine zikapatikana baadaye katika mswada wa mkono, jumla 19. Kitabu chako kinafuata namba za Grierson, aliyezihesabu zote pamoja; simu yako inafuata mhariri mwingine, Helen Gardner, aliyezirudisha zile 12 za 1633 kwenye mpango wao. Katika mtihani usitegemee namba, andika maneno ya kwanza ya soneti.

Na ukitafsiri ile ya mauti, mwite kwa umoja: "Ewe Mauti, usijione." Ukifuata ngeli ukasema "msijione", msomaji atadhani ni jeshi.

SWALI: Nachora nakshi za milango, Mkomani. Kuna tafsiri niliyoonyeshwa ya shairi la Donne la kuagana, yalinganisha wapendanao na "dira mbili". Sikufahamu dira yawezaje kuwa na miguu.

JIBU: Haiwezi. Mtafsiri amechanganya vifaa viwili ambavyo Kiingereza kinaviita kwa jina moja. Dira ni ya nahodha. Ya Donne ni bikari, hiyo hiyo unayochorea ua la mlango.

Shairi si la ibada, lakini tumelichukua swali lako kwa sababu ndilo shule bora ya kujua washairi hawa wanavyojenga mfano. Beti ni tisa na bikari imepewa tatu za mwisho. Mguu mmoja umesimama katikati, ni yule anayebaki nyumbani. Wa pili unazunguka mbali. Unapokwenda mbali, ule wa katikati unainama kuuelekea. Unaporudi, unasimama wima. Na uthabiti wa uliobaki ndio unaofanya duara lifunge, aishie alikoanzia. Hivyo ni viungo vinne vinavyokutana, kimoja kimoja, kama ulimi na tundu katika fremu ya mlango. Sitiari ya kawaida hukutana mahali pamoja tu: fulani ni simba, umemaliza. Ukitaka kuipima sitiari ya aina hii, hesabu viungo. Ikiwa na kimoja, ni pambo tu. Ikiwa na vinne na kimoja kinalegea, mlango mzima unalia. Wewe unajua pia kinachotokea ncha ya bikari ikiteleza.

SWALI: Naimba kwaya, Maweni, Malindi. Twataka kuimba kwa Kiswahili "Let all the world in every corner sing", tumeambiwa ni ya Herbert. Kila tukitia maneno kwenye tuni, yasikika kama Mzungu anayejifunza Kiswahili. Tatizo nini?

JIBU: Ni ya Herbert kweli, na ilichapwa katika diwani yake "The Temple" ya 1633. Mpango wake ni mizani 10 na 4 za kiitikio, kisha mishororo minne ya 6, kisha kiitikio tena.

Tatizo ni mahali pa mkazo. Mshororo wa Kiingereza unaishia kwenye silabi nzito, "sing", na mtunzi wa tuni ameweka hapo noti ndefu yenye pigo kubwa. Neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka silabi moja kwa noti moja, pigo kubwa linaangukia silabi dhaifu: "Mwokozi" inatoka "mwokoZI", "sifa" inatoka "siFA". Ndiyo sauti hiyo mnayoisikia.

Dawa ni kuongeza mizani moja mwishoni mwa kila mshororo: pale penye 10 andika 11, penye 4 andika 5, penye 6 andika 7. Noti ndefu ya mwisho igaweni mara mbili. Ikiwa ya mapigo mawili, iwe noti mbili za pigo moja, ya kwanza ichukue silabi yenye mkazo na ya pili idondoke kwa upole. Kisha hakikisheni mikazo mingine inaangukia nafasi za 2, 4, 8 na 10. Mfano:

Dunia nzima na iimbe sifa
kwa Bwana wetu

Imbeni polepole: du-NI-a-NZI-ma-na-i-I-mbe-SI-fa. Mikazo yote imekaa penye pigo la tuni, na "fa" ndiyo mizani ya nyongeza. "Kwa BWA-na WE-tu" ni tano, mkia ukiwa "tu". Nafasi ya 6 imeachiwa "na", neno dogo lisilogombana na mtu. Msiweke hapo silabi ya katikati ya neno refu. Jambo la mwisho: mshororo usianze na neno la silabi mbili kama "Bwana" au "Mungu", kwa sababu tuni inaanza na pigo dhaifu. Tangulizeni "kwa", "na" au "ee".

SWALI: Nasomesha madrasa, Amu. Ushairi huu umejaa Utatu na msalaba. Sisi tuna Inkishafi, tuna Hamziya, mashairi yetu ya kale ya dini. Wa kwao watufaa nini? Na nasikia Donne amwomba Mungu kwa maneno ya chumbani.

JIBU: Maalim, hatuwezi kusema kwamba Utatu haumo, nao umo tangu mshororo wa kwanza wa soneti unayoikusudia, "Batter my heart, three-person'd God". Kuna anayelainisha akaandika "Mungu mwenye nguvu tatu". Huo si uungwana kwa upande wowote: Mkristo ananyang'anywa imani yake na Mwislamu anadanganywa. Asomaye asome alichoandika mtu.

Maneno ya chumbani ni neno moja hasa, "ravish", mwishoni kabisa. Soneti ina picha tatu. Kwanza Mungu ni mhunzi: hadi sasa umebisha, umepuliza, umeng'arisha na kunitengeneza tu; sasa vunja, vukuta, choma, unifanye upya. Pili, moyo ni mji uliotekwa na akili ni liwali aliyeshikwa mateka. Tatu, nafsi ni mwanamwali aliyechumbiwa kwa adui, anaomba fundo likatwe. Hatakuwa huru mpaka afungwe, wala msafi mpaka anyakuliwe. Neno lile kwa Kiingereza ni kuchukua kwa nguvu na pia ni kuzama katika furaha ya kiroho, na Donne anataka yote mawili yaumane. "Uninyakue" linabeba sehemu kubwa bila kumvunjia mtu heshima. Katika vitenzi vya mhunzi amepanga b tatu, "break, blow, burn". Sisi tumepata v mbili, vunja na vukuta, na hizo zatosha.

Faida yake kwa mtu wa Inkishafi ni kuona njia nyingine ya kufanya kazi ile ile. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anauita moyo wake na kuuhoji, kama Herbert anavyougombeza wa kwake. Lakini angalia anavyothibitisha: "Madaka ya nyumba ya zisahani / sasa walaliye wana wa nyuni." Mizani 11, sita na tano. Hakuna sitiari humo. Madaka ni madaka na ndege ni ndege, yeyote aliyeingia magofu ya Pate angeweza kuviona. Ushahidi umewekwa mbele ya moyo, na moyo unaambiwa utazame. Donne hangefanya hivyo. Angechukua daka moja, angeligeuza kuwa kifua chake, sahani ikawa roho, na angebishana nalo hadi mshororo wa 14. Kwa mizani yetu, pale mauti yanapozungumzwa Inkishafi ina nguvu zaidi, maana haihitaji ujanja. Pale mtu anapogombana na Mola wake kisha akaona haya, Herbert hana mwenzake. "The Collar" ni mishororo 36 ya mtu anayepiga meza na kusema nimechoka, naondoka; vina vimetawanyika kama hasira zake, mpaka minne ya mwisho, ambapo anasikia kama kuna anayeita "Child!", naye anajibu "My Lord". Minne hiyo tu ndiyo iliyopatana sawasawa. Na "collar" hapo si ile kola nyeupe ya mapadri, iliyokuja baadaye sana. Ni kitu cha kumzuia mnyama shingoni.

SWALI: Nina sanduku la karatasi za babu yangu, Amu, mashairi kwa herufi za Kiarabu, mengine hayana jina la mtunzi. Zina wadudu. Je, zina maana yoyote, na nizifanyeje?

JIBU: Zaweza kuwa na maana kubwa; tazama kisa cha Thomas Traherne, tuliyemtaja juu. Miswada yake ilipatikana London mwaka 1896 au 1897 kwenye meza ya vitabu vikuukuu barabarani, ikiuzwa kwa senti chache, zaidi ya miaka 200 baada ya kufa kwake. Haikuwa na jina. Mwanzo ilidhaniwa ni ya Vaughan. Muuza vitabu Bertram Dobell aliijua ni ya Traherne baada ya mashairi yaliyomo kulinganishwa na kitabu chake kilichochapwa 1675. Mashairi yakachapwa 1903.

Kwa hiyo usitupe hata kipande. Usitumie gundi ya utepe, na usipeleke kutiwa plastiki. Vyote viwili haviondoki tena bila kuchuna wino. Usizianike juani kuua wadudu, wino utafifia; ziweke kivulini penye hewa, kwenye sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, na pukuta vumbi kwa brashi laini. Usizipange upya hata ukiona zimechanganyika, maana mpangilio alioziacha babu unaweza kuwa ndio dalili pekee ya shairi gani ni la nani. Piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, mchana, karibu na dirisha, bila taa ya kamera, na ukurasa wote uonekane pamoja na pambizo. Wanakili wa Amu na Pate waliandika majina na tarehe mwishoni au pembeni, na hapo ndipo wapigaji picha wengi hukata.